Bwawa Dogo la Udongo: Kazi, Usalama na Upimaji wa Maji

Maana: Tuta la udongo ulioshindiliwa, linalokinga maji bondeni.

Kazi: Kuhifadhi maji ya masika yatumike kiangazi. Kisiwani Unguja, bwawa hufaa kwenye bonde lenye mfinyanzi. Ardhi ya uwanda, yenye mawe ya matumbawe, hunywa maji haraka.

Usalama: Adui wa tuta ni maji yenyewe.
(a) Yakipita juu, hulimomonyoa. Kinga ni utoro, yaani njia ya kutolea maji yaliyozidi; usizibwe.
(b) Yakipenya ndani, hubeba udongo na kupanua tundu. Mizizi ya miti ikioza huyafungulia njia, hivyo tuta hupandwa majani mafupi tu.

Upimaji: Andika kila siku kina cha maji, mvua na kiasi kinachovuja.

Mfano: Tarehe 9 Mei 2018, msimu wa mvua, bwawa la udongo lilipasuka Solai, Nakuru, Kenya. Watu wasiopungua 47 walikufa.

Swali: Maji maangavu yanayovuja yamegeuka tope. Eleza hatari na hatua mbili za kuchukua.

Jibu: Udongo wa ndani unachukuliwa, tuta linaweza kupasuka. Wahamishwe wakazi walio chini ya bwawa, na wahusika waarifiwe mara moja.