Kuanza Insulini katika Kisukari Aina ya Pili: Uamuzi wa Mgonjwa na Mhudumu katika Mwambao wa Ziwa Nyasa

Swali ambalo mgonjwa wa kisukari huuliza anapotajiwa sindano kwa mara ya kwanza aghalabu si la dozi wala la bei. Huuliza: “Je, nimefikia mwisho?” Katika vijiji vya mwambao kama Lundo, wilayani Nyasa, eneo lililokuwa sehemu ya Mbinga kabla ya wilaya kugawanywa, swali hili lina mantiki yake. Mtu amemwona jirani akianza insulini, na baada ya miezi michache jirani huyo akakatwa mguu. Kwa aliyetazama kutoka nje, sindano ndiyo iliyoleta msiba. Mhudumu anayelijibu swali hili kwa kukemea, au kwa kusema tu kwamba “hizo ni imani potofu”, hupoteza mgonjwa wake. Aliyoyaona mgonjwa ni kweli. Kinachohitaji kusahihishwa ni mpangilio wa sababu. Mguu uliharibiwa na miaka ya sukari nyingi iliyotangulia, na insulini ilifika ikiwa imechelewa.

Kwa nini vidonge huacha kutosha

Katika kisukari aina ya pili mambo mawili huenda pamoja: mwili hauitikii insulini ipasavyo, na kongosho hupungukiwa na uwezo wa kuitengeneza. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliowaandikisha wagonjwa 5,102 kuanzia mwaka 1977, na matokeo yake makuu kutolewa mwaka 1998, ulionyesha kwamba siku mtu anapogunduliwa kuwa na ugonjwa huu, uwezo wa kongosho lake huwa tayari umeshuka hadi karibu nusu, na huendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kudhibiti sukari kwa ukaribu zaidi kulipunguza madhara ya mishipa midogo, yaani ya macho, figo na neva, kwa robo nzima. Kwa hiyo mgonjwa aliyetumia metformini na glibenklamaidi kwa uaminifu kwa miaka minane, kisha sukari ikapanda, hakukosea. Ugonjwa umesonga mbele, na aambiwe hivyo waziwazi.

Zamani nchini kwetu ugonjwa huu ulikuwa adimu vijijini. Uchunguzi wa Profesa McLarty na wenzake wa Muhimbili, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta chini ya mtu mmoja kati ya 100 akiwa nao katika vijiji walivyopima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 ya watu wazima wa miaka 25 hadi 64. Na kwa kuwa mwambaoni muhogo ndio chakula, tukumbuke pia kwamba kundi hilohilo la watafiti lilichapisha mwaka 1992 matokeo ya jamii ya Kitanzania inayokula muhogo, na halikuona kwamba sumu ya muhogo husababisha kisukari. Ugali wa muhogo hupandisha sukari kama ugali mwingine wowote; kinachopaswa kuangaliwa ni ukubwa wa tonge na idadi yake.

Kabla ya kuandika sindano

Mhudumu aanze kwa kuuliza, tena kwa upole, kama vidonge vinamezwa kweli. Mara nyingi mgonjwa humeza kimoja badala ya viwili ili vifike mwisho wa mwezi, au ameviacha kwa muda akajaribu dawa za mitishamba. Aulize pia kuhusu prednisoloni na dawa nyingine zinazopandisha sukari, na achunguze kama kuna kifua kikuu, kidonda au maambukizo yaliyojificha. Sababu ya namna hiyo ikipatikana ikatibiwa, huenda sindano isihitajike, au ihitajike kwa muda tu.

Lakini wapo ambao kuwangojea ni kuwadhuru. Mgonjwa anayekonda upesi, mwenye kiu isiyoisha na kukojoa usiku kucha, na kipimo chake kinazidi milimoli 16.7 kwa lita (miligramu 300 kwa desilita), aanze insulini sasa. Vivyo hivyo mwenye ketoni katika mkojo, anayetapika au kuhema kwa kina, na huyu apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Mjamzito ambaye lishe na vidonge havikumtosha, mgonjwa wa upasuaji mkubwa, na yule ambaye figo zake hazimruhusu tena kutumia metformini na dawa nyingine hazimtoshi, nao wamo katika kundi hili. Kijana au mtu mwembamba sana aliyeitwa “aina ya pili” kwa haraka afikiriwe upya: huenda ni aina ya kwanza, na kwake insulini si suala la kuchagua.

Kwa wengine wote muda wa kuzungumza upo. Mzee wa miaka 78 anayeishi peke yake, macho yake hafifu, na HbA1c yake ni asilimia 8, hatapata faida kubwa kwa sindano, ilhali anaweza kufa usiku mmoja kwa sukari kushuka. Kwa maoni yetu, kumwacha katika vidonge na kumfuatilia ni tiba sahihi, wala si uzembe.

Mvuvi wa usipa

Tumchukue mgonjwa wa mfano, mvuvi wa miaka 54 mwenye uzito wa kilo 60. Vidonge vyake viwili amevifikisha katika dozi ya juu, na sukari yake kabla ya kula haishuki chini ya 13. Kwa kawaida mtu wa namna hii huanzishiwa insulini ya NPH, ile yenye rangi ya maziwa, yuniti 10 wakati wa kulala, na metformini huendelea. Glibenklamaidi hupunguzwa au kuachwa, kwa sababu nayo hushusha sukari. Dozi huongezwa yuniti 2 kila baada ya siku 3, au kila juma pale vipimo vilipo haba, hadi sukari ya asubuhi iwe chini ya 7. Ikishuka chini ya 4, dozi hupunguzwa mara moja.

Hayo yanamfaa mkulima. Mvuvi wa usipa hufanya kazi kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu hulala nyumbani. Akichoma yuniti 10 saa nne usiku kisha akaingia mtumbwini, nguvu ya NPH, ambayo hufikia kilele kati ya saa 4 na saa 10 baada ya kuchomwa, itamkuta katikati ya maji, akivuta wavu, tumbo likiwa tupu. Jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa humsumbua mtu aliye nchi kavu; ndani ya mtumbwi huua. Kwa hiyo aulizwe ratiba yake kabla ya kuandikiwa saa ya sindano. Katika siku za giza anaweza kuchoma asubuhi baada ya kurudi na kula, kwa kuanza na dozi ndogo, na kipimo chake cha “kabla ya kula” kiwe kile cha anapoamka mchana. Katika siku za kubadili ratiba asichome mara mbili ndani ya saa chache. Afadhali aruke dozi moja. Na asiende ziwani bila sukari mfukoni, wala bila mwenzake kujua maana ya jasho lile.

Anayeona dalili hizo ale vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, au anywe nusu chupa ya soda yenye sukari, apime tena baada ya dakika 15 kama ana mashine, kisha ale chakula. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu: alazwe ubavu, apakwe sukari iliyoloweshwa kidogo ndani ya shavu, na akimbizwe kwenye kituo.

Nyumba isiyo na jokofu

Wengi hukataa insulini kwa sababu hii, na baadhi ya wahudumu huwanyima kwa sababu hiyohiyo. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 8, na inaweza kubaki kituoni. Kuhusu ile inayotumika, Chuo Kikuu cha Geneva na Madaktari Wasio na Mipaka walichapisha mwaka 2021 utafiti uliotokana na kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako joto la nyumbani hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Insulini iliyowekwa katika hali hiyo kwa majuma manne haikupoteza nguvu kwa kiasi cha kujali. Joto la ufukwe wa Nyasa halimzuii mtu, basi, ilimradi chupa ikae kivulini, ndani ya mtungi wa udongo wenye unyevu au chombo kilichozungushiwa kitambaa kibichi, mbali na jiko na paa la bati, na ibadilishwe kila baada ya majuma manne. Isigande kamwe. NPH izungushwe taratibu viganjani kabla ya kuvutwa. Ikiwa na mabonge yasiyochanganyika, itupwe. Sirinji nayo iwe na alama ya 100 kama ilivyo katika kichupa.

Mgonjwa akiuliza, “Nikianza, nitaacha lini?” asidanganywe. Wapo walioanza wakati sukari ilipokuwa juu mno, kongosho likapumzika, wakarudi kwenye vidonge baada ya majuma au miezi. Wengi wataendelea. Amruhusu mhudumu amchome ya kwanza palepale kituoni, kwa sindano ile fupi na nyembamba, kabla hajatoa jibu lake. Kisha arudi na mke, mume au mwana atakayejifunza pamoja naye, kwa kuwa ndiye atakayekuwa macho saa tisa usiku.