Kumjali Mgonjwa Hupimwaje?

Uzito wa mtoto tunaupima kwa mizani. Je, moyo wa muuguzi wa kumjali mgonjwa tutaupimaje? Mizani haiwezi. Lakini muuguzi anaweza kuulizwa: kwako wewe, kumjali mgonjwa ni kufanya nini hasa?

Huko Marekani, miaka ya 1980, mtafiti Patricia Larson alitumia kadi 50. Kila kadi ilikuwa na tendo moja la muuguzi, kama kumsikiliza mgonjwa au kujua kupiga sindano. Wauguzi walizipanga, kuanzia tendo lenye maana zaidi. Ujanja ni huu: kadi moja tu hukaa juu kabisa, na moja chini kabisa. Huwezi kusema, "Yote ni muhimu." Lazima uchague.

Wagonjwa wa saratani nao wakapewa kadi hizo. Kumbe! Wauguzi waliweka juu kusikiliza. Wagonjwa waliweka juu ujuzi wa kazi: sindano ipigwe sawasawa, na hali yao ifuatiliwe. Si kwamba hawapendi kusikilizwa, la. Lakini aliyewahi kuchomwa mara tatu mshipa ukitafutwa anawaelewa.

Jaribu mwenyewe. Andika matendo matano ya muuguzi kwenye vikaratasi, uyapange. Halafu mpe jirani yako naye apange.