Stima Ikipotea, Jenereta Isituletee Msiba

Huku kwetu Galu stima na upepo haziivani. Mnazi mmoja ukiangukia nyaya, mtaa mzima unalala gizani. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 hatujazisahau. Wala hatujasahau 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba mwaka huohuo, siku ambazo stima ilipotea karibu nchi nzima. Ndiyo maana mwenye friji ya samaki, kinyozi na mwenye nyumba ya wageni, kila mmoja anatamani jenereta yake ndogo.

Hatuikatazi. Samaki wakioza, ni karo ya mtoto imeoza. Lakini mashine hii yaweza kuua kwa njia tatu: moshi, umeme na moto. Katika somo hili tuziangalie moja moja.

1. MOSHI

Petroli ikiungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ukiivuta hunata kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hushindwa kubeba hewa safi. Ni sumu ileile ya jiko la makaa linaloachwa likiwaka chumbani usiku. Kimbunga Laura kilipopiga Louisiana, Marekani, mwaka 2020, moshi wa jenereta ulikuwa miongoni mwa visababishi vikubwa vya vifo.

Kwa nini basi watu huiingiza ndani? Twajua: mvua na mwizi. "Nikiiacha nje, asubuhi siikuti." Ni kweli, lakini mashine hununuliwa nyingine, roho hainunuliwi. Tena kufungua dirisha hakutoshi, na baraza si nje, maana moshi hupenya mlangoni na chini ya paa. Fanya hivi:

- Iweke mita 6 au zaidi kutoka nyumba yako na ya jirani, bomba la moshi lielekee mbali na milango na madirisha.
- Jenga kibanda cha paa la mabati, kisicho na kuta. Makuti yasiwe karibu, yanashika moto upesi.
- Ifunge kwa mnyororo kwenye nguzo iliyochimbiwa vizuri.
- Izime kabla ya kulala.

Dalili za sumu hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kuishiwa nguvu. Mtu aweza kusema ni malaria. Lakini malaria haiwaangushi watu wote wa nyumba kwa saa moja, wala haipungui kwa kutoka uani. Ukiona hivyo, toeni watu wote nje mara moja, kisha wapelekwe hospitali, kama ile ya Msambweni. Mwambieni daktari kwamba jenereta ilikuwa ikiwaka.

2. UMEME

Wako wanaochukua waya wenye plagi pande zote mbili na kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Jambo hili si mchezo. Umeme hurudi hadi kwenye transfoma, nayo yaweza kuupandisha kutoka volti 240 hadi 11,000. Fundi wa Kenya Power aliyepanda nguzo kukurudishia stima, ndiye utakayemuua. Na stima ikirudi ghafla, mashine yako nayo inaungua.

Unganisha vyombo moja kwa moja na jenereta kwa waya mzito usiochubuka. Ukitaka iwashe nyumba nzima, fundi mwenye leseni akufungie swichi ya kubadilishia. Usiishike kwa mikono iliyolowa. Ukiona waya umeanguka njiani, usiusogelee. Zuia watoto, halafu piga 97771.

3. MOTO

Usitie petroli mashine ikiwa inanguruma au ina moto. Izime, ingoje dakika 15 ipoe. Weka mbali sigara na koroboi, tumia tochi. Mtungi wa petroli uwe na kifuniko, ukae nje ya nyumba, mbali na jiko na watoto.

Usiitwishe mzigo kupita nguvu zake. Jenereta ya wati 1,000 itabeba taa 10 za wati 10 na televisheni bila taabu. Friji ndogo hula kama wati 150, lakini inapoanza huvuta mara kadhaa zaidi, kwa hiyo iwashe kwanza, mengine yafuate. Pasi peke yake yaweza kumaliza zile 1,000 zote. Nguo zingoje stima.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mtaa wetu, jenereta zinawekwa wapi usiku? Nani analala karibu nazo?
2. Twaweza kulindiana vipi mashine zikiwa nje, ili mtu asiogope mwizi?
3. Nani atamwendea jirani anayeiweka barazani, na atamwambiaje bila kumwudhi?

Swali la tatu msiliache. Moshi hauulizi ni jenereta ya nani.