Mafuta ya Mamangu na Jiwe Linalotetemeka

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na kwetu ni hapa hapa Kiembeni. Leo nataka tujifunze neno moja la fizikia: mnato. Mnato ni ule ukaidi wa kiowevu kinapotakiwa kutiririka. Maji yana mnato mdogo, asali ina mnato mkubwa.

Mamangu hupika mafuta ya nazi akayauza kwa chupa. Karo yangu yatoka humo. Asubuhi moja ya mwezi wa Julai, jirani mmoja alirudisha chupa yake akapaza sauti mbele ya wateja: "Mama, mbona haya yameganda? Umeyachanganya na mafuta ya mkebe!" Siku ile hakuna aliyenunua, wala kesho yake. Mamangu hakujibu kitu.

Basi nikaomba sirinji isiyo na sindano na kipimajoto katika maabara ya shule. Niliianika chupa ile juani mpaka mafuta yakayeyuka. Nikatia mililita 10 katika sirinji, nikayaacha yatiririke huku natazama saa yangu ya mkononi. Kwa joto la nyuzi 28 za Selsiasi yalichukua sekunde 34. Kwa nyuzi 40, sekunde 21 tu! Kisha nikapima mafuta ambayo mamangu aliyapika mbele ya macho yangu. Yakaenda sawa na yale.

Nilimpelekea mwalimu wa fizikia majibu yangu kwa furaha. Akasema, "Usijigambe. Mnato peke yake hauthibitishi kwamba mafuta ni safi. Ulichoonyesha ni kuwa joto likibadilika, mnato nao hubadilika. Kwa hivyo usitaje mnato bila kutaja joto." Akaongeza kwamba mafuta safi ya nazi huganda yenyewe joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi.

Halafu akaniuliza, "Na hiyo saa yako yaendeshwa na nini?" Nikasema betri. Kumbe ndani mna kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatzi, ambalo hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja! Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua mwaka wa 1880 kwamba mawe ya namna hii yakibanwa hutoa umeme. Nayo yakipewa umeme, hutikisika.

Jiwe hilo hilo laweza kupima mnato. Huchongwa kipande chembamba, aghalabu cha kutetemeka mara milioni 5 kwa sekunde, na uso wake mmoja ukagusishwa kiowevu. Jiwe likienda huku na huku huburuta utando mwembamba wa kiowevu kile. Hebu fikirini mtu anayecheza ngoma ufuoni, kisha aingie majini mpaka kiunoni: lazima miguu iwe mizito! Likiguswa na maji, jiwe hupoteza mitetemo kama 700 hivi kwa sekunde. Kiowevu kikiwa kizito zaidi, hupoteza zaidi.

Mwaka wa 1985, Kanazawa na Gordon walieleza hesabu yake: mitetemo inayopotea hufuata kipeuo cha pili cha mnato ukizidishwa kwa densiti. Yaani mnato ukiwa mara nne na densiti ni ile ile, upungufu huwa mara mbili. Kwa hivyo lazima densiti ijulikane pia. Faida yake ni kwamba sirinji yangu ilitaka mililita 10, ilhali jiwe hutosheka na tone.

Je, jirani? Nilimwita, nikaiweka chupa yake juani akiona. Mafuta yalipoyeyuka alisema "Kumbe!" akaenda zake. Hakuomba radhi, lakini Jumamosi alimtuma mwanawe na chupa mbili tupu, na wengine wakafuata.

Wenzangu, tupime kabla ya kulaumu. Wahenga walisema, usilolijua ni usiku wa giza. Kwaherini.