Kwa Nini Daktari wa Dharura Bado Anavuta?

Nyuma ya jengo la wagonjwa wa dharura, karibu na pale ambulansi zinapogeuzia, hukosi kukuta vipisi vya sigara. Si vyote vimetupwa na ndugu wa wagonjwa. Daktari bingwa wa tiba ya dharura anajibu maswali.

Daktari, inakuwaje mtu anayepokea wagonjwa wa moyo na mapafu kila siku naye akawa mvutaji?

Swali hili huulizwa kana kwamba sigara ni suala la kutojua. Daktari anajua. Elimu haijawahi kumkata mtu kiu ya nikotini.

Isitoshe, daktari mvutaji si kituko kipya. Mwaka 1951, Richard Doll na Austin Bradford Hill wa Uingereza walipotaka kufuatilia jinsi sigara inavyoua, watu waliowaandikia walikuwa madaktari. Sababu ilikuwa nyepesi tu: jina la daktari lipo kwenye rejesta, kwa hiyo ni rahisi kujua yuko wapi na lini amekufa. Madaktari wanaume zaidi ya 34,000 walifuatiliwa, na wengi walikuwa wavutaji. Matokeo ya kwanza yalitoka 1954. Yale ya miaka 50, yaliyotoka 2004, yalionyesha kwamba waliong'ang'ania sigara walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 kuliko wenzao ambao hawakuvuta kabisa. Nchini Marekani, miaka ya 1940, kampuni ya sigara za Camel ilitangaza kwamba madaktari wengi huvuta sigara zake kuliko za wengine. Koti jeupe lilitumika kuuza tumbaku, na watu walinunua.

Leo hali ni nafuu, lakini haijaisha. Uchambuzi uliochapishwa 2021, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulikadiria kwamba daktari mmoja kati ya watano anavuta.

Wa idara ya dharura wanavuta kuliko wengine?

Kabla ya kuilaumu idara, tazama mtaa alikotoka daktari huyo. Uturuki ni mfano mzuri: utafiti wa kitaifa wa 2008 ulikuta karibu nusu ya wanaume, asilimia 47.9, wanavuta tumbaku. Kenya mwaka 2014 watumiaji wa tumbaku walikuwa asilimia 19.1 ya wanaume na asilimia 4.5 ya wanawake. Tanzania mwaka 2018, asilimia 14.6 ya wanaume na 3.2 ya wanawake. Daktari ni mtoto wa watu kama mwingine yeyote. Akikulia kwenye nyumba ambayo baba, mjomba na kaka wanavuta, shahada ya udaktari haimfutii hayo.

Tena wavutaji wengi huanza kabla ya umri wa miaka 20 na ushee, yaani kabla hawajashika stetoskopu, au wakiwa bado chuoni. Ndiyo maana nasita nikisikia mtu akisema "dharura ndiyo imenifundisha kuvuta." Mara nyingi ukweli ni kwamba dharura imemfanya aongeze, au imemnyima nafasi ya kuacha.

Basi ndani ya idara kuna nini hasa?

Hapa ndipo penyewe. Kazi yetu haina mwisho wa foleni. Kliniki ina orodha. Ukimaliza orodha umemaliza. Kwetu, ukishamtuliza kijana wa bodaboda aliyevunjika paja, mlango unafunguka na anaingia mama mjamzito mwenye degedege. Chai hupoa, chakula cha mchana huliwa saa kumi jioni. Katika hali hiyo, mtu akisema "nakwenda kupumzika dakika tano" anaonekana mvivu, anaonekana amewaachia wenzake mzigo. Akisema "natoka kuvuta moja", hakuna anayeuliza. Watu wanajua mvutaji akikosa sigara hakaliki naye, kwa hiyo wanampisha. Sigara imekuwa ruhusa ya kutoka. Asiyevuta ndiye anayebaki ndani akiunganisha saa 12 mfululizo, na hapo utaelewa kwa nini daktari kijana anaweza kuanza kuisogelea.

Jambo la pili ni wakubwa. Ndani ya idara kuna ngazi: mkuu wa idara, bingwa, yule anayesomea ubingwa, na daktari wa mafunzo kwa vitendo aliye chini kabisa. Kule nyuma, kiberiti kikizunguka, ngazi hulegea. Kijana anaongea na bingwa kama mtu na mdogo wake. Anasikia nafasi ya masomo inatoka wapi, anaambiwa kosa lake la jana bila kufokewa mbele ya wauguzi. Kijiwe hicho kina faida za kweli, na mhadhara wa saratani hauwezi kushindana nacho.

Halafu kuna kifo. Umetoka kumwambia mzazi kwamba mtoto wake hakuweza kuokolewa. Msibani watu huketi, huomboleza, husoma dua. Sisi tuna machela nyingine inayosubiri. Hospitali nyingi hazijampa daktari hata dakika moja rasmi baada ya taarifa kama hiyo, na pengo hilo limejazwa na sigara. Ongeza matusi na ngumi za ndugu wenye hasira. Uturuki ilifika mahali mwaka 2012 ikaanzisha mfumo wa kutoa taarifa za ghasia dhidi ya wahudumu wa afya, unaoitwa Msimbo Mweupe.

Lakini si inatuliza kweli? Wavutaji wote wanasema hivyo.

Wanachosema wanakihisi kweli, ila wanakitafsiri vibaya. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi. Kiwango chake mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili. Kinachofuata ni arosto: hasira za karibu, mikono kukosa raha, akili kushindwa kutulia kwenye jambo moja. Sasa fikiria dalili hizo ziko ndani ya idara ya dharura usiku wa manane. Daktari atasema ni uchovu, ni kelele, ni ndugu wasumbufu. Anatoka, anavuta, dalili zinaondoka, anaamini sigara imempunguzia msongo wa kazi. Kumbe imempunguzia deni alilokopeshwa na sigara iliyotangulia.

Zamu moja ya saa 12 inamuingiza kwenye mzunguko huo mara tano, sita. Asiyevuta amebeba mzigo wa kazi tu. Mvutaji amebeba kazi na arosto.

Mgonjwa anaathirika?

Anaathirika kwa njia ya kimyakimya. Tafiti nyingi zinaonyesha daktari anayevuta hamshauri mgonjwa wake kuacha mara nyingi kama daktari asiyevuta. Aibu inamfunga mdomo. Na kwetu dharura ni hasara kubwa, kwa sababu aliyelazwa na maumivu ya kifua yuko tayari kusikia kuliko siku nyingine yoyote.

Nichomekee jambo moja. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksidi iliyoshika kwenye damu. Mvutaji akijipima baada ya sigara, huenda akasoma 98 na kujipongeza. Anayefundisha wanafunzi mtego huo kwa majeruhi wa moto ni yeye mwenyewe.

Vijana wanasema wao wanavuta shisha au vepu, si sigara.

Moshi wa shisha una nikotini na kaboni monoksidi, na kipindi kimoja huweza kuchukua saa nzima. Kenya iliipiga marufuku mwishoni mwa 2017. Vepu haina majivu, lakini zilizo nyingi zina nikotini, kwa hiyo arosto ni ileile.

Hospitali ifanye nini? Mabango ya "usivute" yapo tele.

Mabango yapo, na sheria zipo: Tanzania tangu 2003, Kenya tangu 2007. Naziunga mkono. Lakini marufuku peke yake hapa imemhamisha mvutaji kutoka korido hadi nyuma ya jenereta.

Mimi ningeanza na ratiba ya zamu. Mapumziko yaandikwe kwa jina na saa, na aandikwe nani anashika wagonjwa wakati huo, kwa wote, wavutaji na wasiovuta. Baada ya kifo cha mtoto au ajali yenye vifo vingi, kiongozi wa zamu awatoe waliohusika dakika 10 bila kusubiri waombe. Kisha dawa. Dawa mbadala za nikotini ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na vareniklini na bupropioni ziliongezwa 2021. Hospitali ambayo haiwezi kumpatia mtumishi wake bandiko la nikotini haina haki ya kumfokea.

Kwetu kuna nafasi nzuri. Hospitali ya Muhimbili, Tanzania, ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na mafunzo ya ubingwa yakaanza mwaka huohuo. Fani ni changa, na mabingwa wa mwanzo ndio wanaotazamwa na wadogo zao sasa hivi, pamoja na wanachofanya wakitoka nje.

Mimi ni daktari, nataka kuacha. Nianzie wapi?

Jiulize: sigara ya kwanza unaiwasha dakika ngapi baada ya kuamka? Ikiwa ni ndani ya dakika 30, uraibu wako ni mkubwa. Usijaribu kwa ujasiri mtupu, tumia dawa. Usiache wiki ya zamu za usiku. Chagua siku za mapumziko au mwanzo wa likizo, na mwambie mwenzako mmoja wa kijiweni ili asikukaribishe.

Na punguza kahawa hadi nusu. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, vikombe vilevile vinne vitaacha kafeini nyingi zaidi kwenye damu. Utatetemeka, moyo utaenda mbio, usingizi utakimbia, nawe utadhani ni arosto na kurudi kwenye pakiti.