Hukuchanganya Mbegu, Mama

*Shangazi, mimi na mume wangu twalima Langobaya. Msimu uliopita aliuza mbuzi tukanunua haibridi, tukavuna vizuri hata tukauza. Nikachagua mahindi yaliyonona nikayaning'iniza uchagani yawe mbegu, kama nilivyofundishwa na mamavyaa. Mwaka huu yametoka ovyo: mengine marefu, mengine mafupi, na yaliyozaa yamezaa vihindi vyembamba. Mume wangu anasema niliichanganya na mdzihana, mahindi yetu ya kienyeji. Sasa ataka tukope pesa, tupande haibridi shamba zima, na mdzihana wa mamake tuutupe. Nyumbani hapakaliki. Nifanye nini?*

Mwanangu, hukuchanganya kitu. Hata ungeyafungia mahindi yale sandukuni kwa kufuli, yangetoka vilevile. Haibridi huzaliwa na wazazi waliochaguliwa na kuoanishwa makusudi, na nguvu yake ni ya kizazi kimoja. Ukizirudisha punje zake ardhini, tabia za wale wazazi hutengana: huyu arefuke, yule adumae. Ndiyo sababu hununuliwa upya kila msimu, na aliyewauzia alipaswa kuwaambia. Msomee mumeo hapa kwa sauti, maana umelaumiwa bure.

Naye asikilizwe. Pwani Hybrid 1 ya mwaka 1989 na Pwani Hybrid 4 ya 1995 zilitengenezwa kwa ajili ya joto letu hili la pwani, na mvua ikitosha na mbolea ikiwepo, huzaa kuushinda mdzihana. Mmeshajionea wenyewe. Lakini hakikisheni ni hizo. Mbegu za nyanda za juu, kama H614 inayopandwa Kitale, hukaa shambani miezi sita na zaidi. Kwenu mvua itakuwa imeondoka zamani.

Ninachokataa ni mkopo na shamba zima. Ekari moja yataka kama kilo 10 za mbegu, juu yake mbolea, na pesa yote hiyo hutoka kabla tone la kwanza halijaanguka. Mvua ikikatika mahindi yanapotoa mbelewele, mtabaki na mabua, na mwenye deni hatauliza habari za mvua. Mdzihana haukudai shilingi. Wakulima wengi wa Kilifi wanausifu kwa kuvumilia ukame, kwa maganda yanayobana hadi nchani na punje ngumu zinazomchosha fukusi. Chakula cha watoto Januari hutegemea hayo kuliko ukubwa wa hindi siku ya kuvuna.

Kwa hivyo tengeni kipande kimoja cha haibridi, ukubwa wake upimwe kwa pesa mliyo nayo mkononi, kwenye ardhi yenu inayoshika maji. Kwingine pandeni mdzihana, au Coast Composite, iliyotolewa 1974: hiyo si haibridi, na mbegu yake waweza kuiweka misimu kadhaa pasipo kudhoofika sana.

Ila msizipande ubavu kwa ubavu. Chavua huchukuliwa na upepo, na hapo ndipo mdzihana wa mamavyaa utaharibika kweli. Tenganisheni mashamba, au pishaneni wiki tatu nne za kupanda ili mbelewele zisikutane. Mbegu yako ichague mahindi yakiwa bado yamesimama, katikati ya shamba, kwenye mashina yenye afya. Ukingoja hadi uwe na rundo uani, hutajua lipi lilizaliwa na mmea mgonjwa. Na kwa kuwa wewe ndiye unayejua kuchagua, huo mdzihana usitupwe pasipo kauli yako. Mwambie hivyo mbele ya wazee ikibidi.

Mkienda dukani, nendeni wote wawili. Kwangueni kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu, kwenye pakiti, tumeni namba yake kwa ujumbe mfupi hadi 1393, na mkijibiwa kuwa mbegu ni halali ndipo mlipe. Risiti na pakiti tupu ziwekeni hadi mvune. Mbegu ikikataa kuota, mtakuwa na cha kumwonyesha mwenye duka.