Sikio Moja, Tishu Nyingi

Anayetoka kituo cha metro cha Porte de Namur, mjini Brussels, akashika Chaussée de Wavre, hujikuta Matonge, mtaa uliochukua jina la mtaa wa Kinshasa. Saluni zimebanana, na Kilingala, Kifaransa na Kiswahili cha mashariki ya Kongo husikika kabla mteja hajakaa kitini. Mmoja anasukwa, hereni zikining'inia. Mwingine ananyolewa kisogo hadi ngozi ing'ae.

Sikio lenye hereni linatosha kueleza tishu unganishi, zile zinazoshikilia, kutenganisha na kulisha viungo vya mwili. Ndewe ni laini kwa sababu ni mafuta na nyuzi tu chini ya ngozi. Sehemu ya juu ina gegedu lenye nyuzi za elastini, ndiyo maana ukilikunja hurudi lenyewe. Lakini gegedu halina mishipa ya damu: seli zake, kondrositi, hungoja chakula kipenye polepole kutoka tishu jirani. Tundu la juu basi huchelewa kupona, na vijidudu vikiingia, sikio linaweza kupoteza umbo lake.

Andreas Vesalius, mzaliwa wa Brussels wa mwaka 1514, alianza kitabu chake cha anatomia cha 1543 kwa mifupa na gegedu. Leo ukoo wa tishu unganishi umepanuka: kano, mafuta na hata damu zimo. Karibu zote zina seli zilizotawanyika ndani ya kitu kinachozizunguka. Kwenye mfupa kitu hicho kimejaa chumvi za kalisi; kwenye damu ni plazma.

Ndewe nayo ina tatizo lake: keloidi. Ngozi ikitobolewa, damu huganda, seli ziitwazo makrofaji husafisha jeraha, kisha seli nyingine, fibroblasti, hufuma kolajeni, nyuzi imara ambazo ni takriban thuluthi ya protini yote mwilini. Jeraha likifunga, kazi hupungua. Kwa baadhi ya watu, hasa wenye ngozi nyeusi na wenye ndugu waliowahi kuugua hivyo, fibroblasti haziachi. Kovu huvuka mipaka ya jeraha, huwasha, na huweza kukua kwa miaka. Si saratani, haliambukizi, wala hakuna aliyerogwa.

Kisogoni kuna jamaa yake: vipele sugu kwenye mashina ya nywele, ambavyo huishia kuwa makovu magumu. Anayeanza kuviona amwambie kinyozi asifikishe mashine kwenye ngozi.

Kukata keloidi peke yake hakusaidii sana. Mara nyingi hurudi, pengine kubwa zaidi. Madaktari wa ngozi hudunga steroidi ndani ya kovu, hubandika silikoni, au hubana ndewe kwa hereni maalumu. Wakipasua, huongeza tiba nyingine, kama mionzi. Mwenye historia ya keloidi katika ukoo wake amweleze daktari kabla ya upasuaji wowote, na kabla ya kutoboa tundu jingine.